Waraka wa Ubaridi Namba Moja

INATANGAZWA kwa wakuu wote wa shule, makamu wao, na kila mtumishi anayekalia kiti chenye mgongo, kwamba kuanzia leo hakuna kompyuta ya umma itakayoruhusiwa kupata homa. Kila shule itachagua kipoozeo kipya cha prosesa pamoja na feni yake, itakifunga, na itatoa taarifa ya utekelezaji kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayekaidi atapoozwa yeye.

Tangazo hilo zito lilitoka Kurugenzi ya Taifa ya Uratibu wa Joto na Ubaridi, kwa kifupi KUTAJU. Lilikutwa Jumatano asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa Shule ya Sekondari ya Bweni Kwedimkole, nje kidogo ya Kwedizinga, katikati ya zamu za kufagia choo na orodha ya waliopoteza vijiko. Lilikuwa na nembo, sahihi mbili na muhuri wa duara wa rangi ya zambarau. Juu ya muhuri walitembea sisimizi wanne kwa mstari, kama watumishi wanaosubiri kupandishwa daraja.

Mwalimu Laurenti, Makamu Mkuu wa Shule, aliusoma waraka mara tatu. Mara ya kwanza alisoma maneno. Mara ya pili alisoma muhuri. Mara ya tatu alisimama wima, akafunga kifungo cha koti.

Mkuu wa Shule mwenyewe alikuwa semina tangu Januari, na shule yote ilikuwa mabegani mwa Makamu. Mabega hayo yalikuwa yakisubiri uzito wa namna hii kwa miaka kumi na minne.

"Mwalimu Rosa," alimwita mwalimu wa taaluma. "Waraka umefika. Nilikuwa nausubiri."

"Ulijua unakuja?"

"Tuliujadili kwenye kikao cha mwaka jana." Katika kikao hicho Makamu alilala kuanzia sala ya kufungulia hadi soda, lakini mtu akilala kikaoni si kwamba hayupo.

Mwalimu Rosa alipuliza sisimizi, akasoma, akashusha pumzi. "Afadhali. Maana mtoto yule ameandika barua tatu kuhusu feni hiyohiyo."

Mtoto yule alikuwa Sabiri Zaidi, wa kidato cha tatu, kiongozi wa klabu ya kompyuta. Klabu ilikuwa na wanachama kumi na tisa na bisibisi moja. Sabiri alikuwa kijana mpole, mtiifu, mwenye sura nzuri na mwandiko wa kupendeza. Barua zake zote tatu zilisema jambo moja kwa adabu: feni inayopooza prosesa, ubongo wa kompyuta, imekufa, naomba inunuliwe nyingine. Zote tatu zilirudi kwenye jalada zikiwa zimeandikwa kwa wino mwekundu: "Linashughulikiwa." Jalada la mambo yanayoshughulikiwa lilikuwa nene kuliko godoro la bwenini, na lilishapata kulaliwa na paka akazaa.

Sasa kuhusu kompyuta yenyewe. Shule ilikuwa na kompyuta tano za mezani. Nne zilikuja na mgeni rasmi, zikapigwa picha, na tangu siku hiyo hazijawaka. Ya tano ilikuwa ofisini kwa Makamu, na ndani yake ndimo walimosajiliwa watahiniwa wa kidato cha nne, themanini na watatu, jina kwa jina na picha kwa picha. Kuwaandikisha mahali pengine kulikatazwa. "Siri za watahiniwa haziendi kwenye kompyuta za stendi," Makamu alikuwa amesema, na akapigiwa makofi.

Tatizo lilikuwa dogo. Kumwandikisha mtahiniwa mmoja kulichukua dakika tisa. Mashine ilizimika kwa joto kila baada ya dakika kumi na moja, kisha ikagoma nusu saa nzima. Mpaka Jumatano ile walikuwa wameingia watahiniwa thelathini na mmoja. Walibaki hamsini na wawili, na mfumo wa usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Asiyeingia, haingii.

Wa mwisho kabisa, namba themanini na tatu, alikuwa Yusra, dada yake Sabiri. Yusra hakuwa na kosa lolote ila moja: baba yake aliitwa Zaidi, na orodha ilifuata alfabeti. Kidato cha pili alikirudia kwa sababu ya malaria. Baba yao, mkulima wa Mazingara, mtu wa maneno machache, alikuwa amesema, "Mwaka huu ni wako, mwanangu. Mwakani ni wa jembe." Na mzee huyo akisema jembe, alikuwa na maana ya jembe.

Basi Makamu akachukua hatua. Aliunda Kamati.

Kamati ya Kuchagua Kipoozeo ilikuwa na wajumbe saba: Makamu mwenyewe kama mwenyekiti, Mwalimu Rosa, mwalimu wa michezo, mtunza stoo, na wengine watatu waliochaguliwa kwa kuwa walikuwa wanapita. Mwalimu wa fizikia aliachwa nje. Alifundisha mada ya joto, na Makamu aliona hapo pana mgongano wa maslahi.

Azimio la kwanza lilikuwa kuifunga kompyuta kwa utepe wa gundi pande zote nne na kubandika maneno KIELELEZO. USIGUSE.

"Sasa nitaandikishaje watoto?" Mwalimu Rosa aliuliza.

"Utaratibu kwanza, Mwalimu. Ukiandikisha, mashine itapata joto. Ikipata joto tutakuwa tumekiuka waraka."

"Lakini waraka umekuja ili tuweze kuandikisha."

"Waraka umekuja," Makamu alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, "ili utekelezwe."

Alifungua jalada jipya, akauweka waraka ndani, na hapo akaona sisimizi wameongezeka. Walikuwa kumi na watano, wote juu ya muhuri. Mtunza stoo alisema hajawahi kuona muhuri unaopendwa na wadudu. Makamu alifikiri kidogo. "Ni alama ya usalama," alisema. "Siku hizi mihuri halisi inawekwa kitu ndani. Kughushi kumekuwa vigumu sana."

Wajumbe wakaandika hilo kwenye madaftari yao.

Jioni ile, kwenye foleni ya maharage, Yusra alimvuta mdogo wake pembeni.

"Sabiri, mashine imefungwa kwa gundi. Hii kitu imezingua."

"Kausha, dada. Serikali ikiingia, mambo huenda."

"Yameenda wapi?" Akamtazama mkono. "Na hicho kidole gumba kimekuwaje?"

Sabiri alikificha mfukoni. "Nimekula zambarau."

Alhamisi Kamati ilijiuliza swali la msingi: ubaridi ni nini? Hakuna mjumbe aliyekuwa nao. Ilikuwa Februari, na Kwedimkole mwezi huo hata mijusi hunyanyua mguu mmoja mmoja inapopita kwenye saruji. Ikaazimiwa kwamba haiwezekani kuchagua chombo cha ubaridi bila kwenda kuuona ubaridi wenyewe unapoishi. Jumatatu alfajiri wajumbe walipanda lori la kuni la shule, wakapita Segera, wakapita Korogwe, wakaanza kupanda milima kwenda Lutindi.

Taarifa ya ziara hiyo ipo, na ina kurasa tisa. Inasema ubaridi upo. Unaanzia pale barabara inapoanza kujikunja. Unazidi jioni. Wenyeji wanaukabili kwa makoti na chai. Karibu na majengo ya zamani ya misheni, Kamati ilimhoji mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamooni. Mmekuja kwa nani?"

"Marahaba, mama. Hatujaja kwa mtu. Tumekuja kuangalia baridi."

Mama aliwatazama wote saba, akatazama na lori. "Ipo," alisema, akaendelea kukata majani.

Kamati ililala huko ili kuuchunguza ubaridi wa asubuhi pia. Ilirudi Jumanne jioni, watano wakiwa na mafua, na pendekezo mbadala kwamba kompyuta ihamishiwe Lutindi moja kwa moja. Mwalimu Rosa, akipiga chafya, alikumbusha kwamba zimebaki siku tatu na watahiniwa hamsini na wawili. Makamu alisema wajumbe wasitishwe na tarakimu.

Jumatano Kamati ilikaa kupitisha vigezo. Sabiri aliitwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na karatasi zenye picha za vipoozeo.

"Shikamooni walimu. Naomba kusema kitu kuhusu soketi, pale prosesa inapokaa."

"Wewe ni mjumbe mwalikwa," Makamu alisema. "Kazi ya mjumbe mwalikwa ni kualikwa. Ya kusema ina wenyewe. Pitisha picha."

Sabiri akapitisha picha, na wajumbe wakajadili kwa kina. Mwalimu wa michezo alitaka feni yenye kelele. "Feni isiyosikika utajuaje inafanya kazi? Mchezaji anayejituma unamsikia anavyohema." Hoja ilikubaliwa. Mjumbe mmoja kati ya waliokuwa wanapita aliona picha ya kipoozeo kinachotumia maji, akakisifia sana, mpaka mtunza stoo alipomkata kauli.

"Maji yapi? Bomba limekauka tangu wiki iliyopita. Watoto wanaoga kwa zamu, kompyuta ioge kila siku?"

"Kompyuta haiwezi kutangulia wanafunzi," Makamu alihitimisha, akajisikia mtetezi wa wanyonge kwa muda wa dakika nzima.

Ndipo picha ya nne ilipomfikia, na moyo wake ukatulia. Kilikuwa kipoozeo cha mnara: mabomba sita ya shaba, feni mbili, na taa zinazobadilika rangi saba. Kilisimama kwenye picha kama mtu anayesubiri wimbo wa taifa. Makamu hakuuliza kinaingia kwenye mashine gani. Alikitazama kama bwana harusi anavyotazama mlango.

"Hiki kina hadhi," alisema.

"Mwalimu, urefu wake..." Sabiri alianza.

"Hadhi ina urefu, kijana. Umewahi kuona hadhi fupi?"

Azimio likapita bila kupingwa. Mnara.

Alhamisi lori la kuni likaenda Korogwe. Karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha Fundi Zamda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye ushungi wa kijani na taa kichwani kama ya wachimba madini. Mezani kwake palikuwa na matumbo ya kompyuta, na ukutani maandishi: TUSISUMBUANE.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Tumekuja kikamati."

"Karibuni kikamati. Niwasaidie nini?"

"Tunataka Mnara wa kupooza prosesa. Wenye rangi saba."

"Prosesa yenu ni ipi?"

"Ya serikali."

Zamda alizima taa ya kichwani ili amwone vizuri. "Soketi yake je? Maana kila soketi ina miguu yake. Kipoozeo kikikosea miguu hakikai."

Wajumbe walipekua madaftari yao. Nyuma yao, Sabiri, aliyepandishwa lori ili alinde picha, alifungua mdomo, akakumbuka kwamba ni mjumbe mwalikwa, akaufunga.

"Haya. Ndani ya boksi, kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye kifuniko, pana nafasi kiasi gani?"

"Ya kutosha," alisema Makamu.

"Ya kumtosha nani?"

"Fundi, sisi tumeshaazimia. Wewe kazi yako ni kuuza."

"Mie siuzi kiatu kwa mtu aliyeacha mguu nyumbani, mwalimu. Mmeifungua hiyo mashine mkaona feni ina nini?"

"Suala la kufungua limo kwenye ajenda ya kikao kijacho."

"Lini hicho?"

"Jumatatu."

"Na usajili unafungwa kesho saa kumi!" Mwalimu Rosa alishindwa kuvumilia. "Dada Zamda, njoo wewe mwenyewe. Njoo na bisibisi, njoo na vyote ulivyonavyo. Nina watoto hamsini na wawili nje ya mlango."

Zamda alimtazama Rosa, akatazama kalenda. "Hilo ndilo mngeanza nalo," alisema. "Nitapanda gari la kwanza alfajiri."

Wakati wanaelewana, Makamu alikuwa ameshavuka barabara. Duka la pili halikuuliza maswali. Alirudi amekumbatia Mnara ndani ya boksi lake kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

Ijumaa saa moja asubuhi Zamda aliingia ofisini. Mstari wa kidato cha nne ulikuwa umejipanga barazani, na mwishoni kabisa alisimama Yusra, akiwa amekula kucha zote za mkono mmoja na kuanza za pili. Kompyuta ilikuwa mahali pake pa heshima. Haikuonekana.

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo."

Naam, lazima hapa ielezwe desturi ya ofisi ile. Kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kiti kina kitambaa, hata simu ya mezani iliyokatwa miaka sita iliyopita ina kitambaa. Kompyuta, ikiwa ndicho kitu cha thamani kuliko vyote, ilikuwa na vitatu, vyote vimefumwa kwa mkono na mke wa Makamu. Vilikuwa havitolewi hata mashine ikiwaka. Aliyewahi kutoa kimoja aliandikiwa barua ya onyo, na onyo hilo lilishughulikiwa siku hiyohiyo.

Zamda alibandua gundi ya KIELELEZO. Akainua kitambaa cha kwanza, cheupe. Akainua cha pili, cha maua. Cha tatu kilikuwa cha sufu nyekundu, kimeshuka mpaka mgongoni mwa mashine, na kilikuwa na maneno: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Nani kaivisha mashine sweta?" aliuliza.

Makamu alitazama dari kama anayekagua mbao.

"Joto linatokea hapa juu na hapa nyuma. Ninyi mmeifunika gubigubi kama mgonjwa wa degedege." Akalegeza skrubu, akafungua kifuniko. Vumbi jekundu la Handeni lilijaa kama unga kwenye mashine ya kusaga. Akapuliza, akamulika. Kisha kwa koleo dogo akaanza kuvuta kitu kwenye ekseli ya feni.

Ulikuwa uzi. Uzi wa sufu, mwekundu. Aliuvuta, nao ukaja, akauvuta, nao ukaja, mpaka ukafika kimo cha mtu mzima. Feni ilikuwa imeumeza, ukajizungusha ukaibana mpaka ikaungua. Wajumbe wote saba waligeuka kutazama kitambaa cha tatu. Pembe yake moja ilikuwa imefumuka.

"Kamati izingatie," Makamu alisema, "kwamba uzi huo unaweza kuwa ulikuwepo kabla ya uongozi wangu."

"Feni hii imekufa," alisema Zamda. "Na hii pesti ya kupitisha joto, katikati ya prosesa na kipoozeo, imekauka kama ugali wa juzi. Leteni huo Mnara wenu."

Ukaletwa. Zamda alichomeka rula ndani ya boksi la kompyuta: sentimita tisa. Akaupima Mnara: kumi na sita.

"Kifuniko kikatwe," Makamu alielekeza. "Kitobolewe hapo juu, Mnara utokeze."

"Vumbi hili lote liingie na mjusi akatage humo?"

"Basi mashine ivae kofia."

"Mwalimu," alisema Zamda, "hata mngekata bati la paa, miguu ya Mnara si ya soketi hii." Akafungua mkoba wake, akatoa vipoozeo vitatu vifupi, akapima miguu, akachagua kimoja. Kilikuwa bapa, cha alumini, na feni moja nyeusi isiyo na taa wala majivuno. Kilifanana na chapati iliyokatwa mistari.

Makamu alikitazama kwa huzuni ya kweli. "Hicho tu?"

"Hicho tu."

Zamda alifuta pesti ya zamani kwa spiriti mpaka prosesa ikang'aa, akatia mpya kiasi cha punje ya choroko. "Ongeza," Makamu alinong'ona. "Hii ni ofisi ya umma." Zamda hakuongeza. Akakaza skrubu kwa msalaba, moja huku na ya pili upande wa pili, akachomeka waya wa feni, akarudisha kifuniko. Vitambaa vitatu akavikunja vizuri, akamkabidhi mwenye navyo kwa mikono miwili.

Mashine ikawaka. Feni ikazunguka kimyakimya, na mwalimu wa michezo akaiinamia kwa wasiwasi akidhani haifanyi kazi. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

Mwalimu Rosa aliketi, akakunja mikono ya blauzi. Hamsini na wawili, kwa dakika tisa tisa. Yeyote apige hesabu aone alibakiwa na nini cha kupumzikia. Kengele ya chai ikapigwa, hakuinuka. Kengele ya chakula ikapigwa, wanafunzi wakamletea makande, yakapoa. Saa sita mashine ilikuwa bado hai. Saa nane, bado. Kila baada ya dakika kumi na moja mstari wote ulishusha pumzi kwa mazoea, na kila mara skrini ilibaki inawaka. Saa tisa na dakika arobaini na tisa ikasomwa namba themanini na tatu.

"Yusra Zaidi. Kaa sawa nipige picha. Usicheke."

Yusra wala hakuwa na mpango wa kucheka.

Saa tisa na dakika hamsini na nane mfumo ulijibu: Imepokelewa. Wenzake walipiga kelele mpaka kuku wa mlinzi wakaruka uzio. Yusra hakupiga. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga ambao haukuwemo, akakivaa tena.

Jumatatu alikuja Mzee Faraji. Huyu alikuwa ofisa kutoka juu. Juu gani, hakuna aliyeuliza. Makamu alikuwa ametuma taarifa ya utekelezaji wa asilimia mia kwa kila ofisi aliyoijua, na Mzee Faraji alifika kuipongeza. Shule ilikusanywa uwanjani. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, na katikati yake uliwekwa Mnara, umeunganishwa na betri, unabadilika rangi saba, na feni zake mbili zinampulizia Makamu usoni. Ndiyo kazi uliyoipata.

Makamu alihutubia. Alisimulia maono yake, Lutindi, vigezo. Uzi hakuutaja. Kisha akamkabidhi mgeni waraka wenyewe. Mzee Faraji akauchukua, akapangusa sisimizi, akasoma. Uso wake ukabadilika. Akausoma tena. Makamu alihisi jasho licha ya feni mbili.

"Waraka huu," alisema Mzee Faraji polepole, akatazama umati, akatazama gari lake, akatazama kamera ya simu iliyokuwa inamrekodi. "Waraka huu nilishiriki mwenyewe kuuandaa."

Makofi yakarindima.

Yalikuwa hayajaisha, mpishi mkuu, Mama Mwaija, alipokatiza uwanja kwa hatua za mtu aliyechoka kuvumilia. Mkononi alishika nusu ya mhogo mbichi, uliolowa maji ya kuoshea.

"Shikamooni wakubwa. Samahani kuwakatisha. Nataka kujua nani kachonga mhogo wangu akaurudisha kwenye gunia. Kipande kimoja nimekipika bila kujua. Walimu wenyewe mtazameni midomo."

Umma ulitazama. Walimu waliokunywa chai kwa mhogo wa kuchemsha walikuwa na midomo ya zambarau.

"Na hiki ndicho nilichokuta asubuhi," aliendelea Mama Mwaija, na kabla hajazuiwa aliukandamiza mhogo juu ya kitambaa cheupe cha meza kuu. Alipouinua, ilibaki duara safi, nembo na maandishi yake: KUTAJU. Sisimizi wakaanza kushuka mkononi mwake, mmoja mmoja, kwenda kuripoti kazini.

Makamu alitazama duara la mezani, akatazama duara la kwenye waraka. Mambo mengi yalipita kichwani mwake: kamati, lori, mafua, taarifa ya kurasa tisa, na kwamba alikuwa amepokea amri kutoka kwa mhogo, akaitii.

"Huo ni nini, mama?" Mzee Faraji aliuliza taratibu.

"Mhogo, mzee."

"Mhogo hufanywaje?"

"Huliwa."

"Basi."

Makamu alielewa. Hakuna aliyewahi kumwona akichukua hatua haraka namna ile. Aliupokea mhogo kwa heshima, akauvunja, akampa mgeni kipande. Mzee Faraji aliomba chumvi na pilipili, zikaletwa. Na pale meza kuu, mbele ya shule nzima, viongozi wawili wakala muhuri wa taifa mpaka ukaisha. Kisha Mzee Faraji akasimama na kuzungumzia uadilifu kwa nusu saa, mdomo wake zambarau mpaka kwenye masharubu.

Hadithi ingeishia hapo, na msimulizi angerudi zake bwenini. Lakini Mwalimu Rosa alikuwa anapita kwenye mistari, anatazama vidole. Alisimama mbele ya kijana mpole, mtiifu, mwenye sura nzuri, akamwinua kidole gumba.

"Nini hiki?"

"Nilikula zambarau, mwalimu."

"Mwaka huu mizambarau haikuzaa, Sabiri."

Na kweli haikuzaa. Hilo sikulifikiria.

Ndiyo, Sabiri ni mimi. Sifa za sura na mwandiko nilijiandikia mwenyewe. Yaliyokuwa kichwani mwa Makamu pia nimeyatunga, ila ya kwenye masharubu kila mtu aliyaona. Yusra anasema nimestahili, huku anacheka, na anavyocheka siku hizi hata nikichapwa naona sawa.

Kughushi waraka sikuadhibiwa, kwa kuwa waraka ni halali: Mzee Faraji aliuandaa. Nimeadhibiwa kwa kuharibu mhogo wa shule bila kibali, na adhabu yenyewe ni wiki mbili za kuchota maji ya jikoni, na kuandika maelezo ya ukweli mtupu. Ndiyo haya, mwalimu.

Nakiri kosa. Barua zangu tatu bado zinashughulikiwa, na kosa langu kubwa ni kwamba nilipoteza karatasi tatu kuomba kwa adabu, wakati gunia la mihogo lilikuwepo siku zote.